Chini ya Dirisha la Delfina

Mtaro uliokuwa mbele ya nyumba ya Settimio Pauselli ulifukiwa wiki moja kabla ya wageni kuwasili. Tangu msimu wa zabibu ulikuwa umeachwa wazi kama kaburi linalongoja mtu, na kila alipokwenda kuuliza aliambiwa jipya: mara mabomba hayajafika, mara mabomba yamefika lakini fundi amepelekwa kwingine, mara fundi yupo lakini karatasi haijatiwa sahihi. Februari, mkewe Delfina aliposhikwa na kifua, gari la wagonjwa lilishindwa kupanda kichochoroni, likabaki kule chini uwanjani taa zake zikizunguka bure. Majirani wanne ndio waliomshusha kwa machela, wakipita ukingoni mwa mtaro kwa kunyata, na walipofika chini Delfina alikuwa amekwisha kuondoka. Sasa kongamano la kimataifa la maadili ya michezo lilikuwa linakuja Gubbio, mji wao, na wajumbe wake wangependa kutembea mitaani na viatu vyao vizuri. Basi mabomba yalipatikana, fundi akapatikana, na mawe yakapangwa sawasawa kama meno ya bandia.

“Maadili,” alisema Settimio dirishani, akiwatazama mafundi wakifagia.

Ersilia, mjane wa ghorofa ya chini, alimwambia apunguze sauti, maana hao waliokuwa wakifagia hawakuwa wao waliochimba. Settimio akamjibu kwamba siku zote wanaofagia si wao waliochimba, na hapo ndipo nchi hii ilipoharibikia.

Alikuwa na miaka sabini na minne. Shule aliiacha akiwa bado anaandika jina lake kwa herufi zinazoegemeana kama walevi, akaenda kuvunja mawe, kisha akamalizia nguvu zake katika kiwanda cha saruji. Wakubwa aliowajua maishani walikuwa wa namna moja: wanakuja wakati wa picha. Jambo moja tu la mji ule hakuwahi kulilaumu, nalo ni mishumaa.

Wenyewe huiita mishumaa, japo ni mti mtupu: minara mitatu mirefu kupita milango ya nyumba, kila mmoja na mtakatifu wake amesimama kileleni. Kila tarehe kumi na tano Mei watu wa Gubbio huitia mabegani na kukimbia nayo mitaani, kisha kupanda nayo mlima mpaka kanisani. Ubaldo hutangulia, Joji hufuata, Antoni huwa wa mwisho. Hakuna anayempita mwenzake, si mwaka huu wala mwaka wowote. Settimio alizaliwa upande wa Antoni, upande wa shati jeusi, wakulima na wafuga punda, kwa hiyo alikimbia ujana wake wote akijua atafika wa mwisho, na asingekubali kubadilishana na mtu wa Ubaldo hata angepewa shamba la mizabibu lenye maji.

Sasa, mchana wa siku ileile, kabla ya mbio zenyewe, mishumaa huzungushwa mitaani kwa mwendo wa pole. Ikifika kwa mbebaji aliyefariki mwaka ule, husimama chini ya dirisha lake. Jamaa hutokeza, kinara anayeongoza wabebaji hulitaja jina, watu hunyamaza kidogo, kisha mti huondoka. Hilo tu. Na hilo ndilo Settimio alilokuwa akilitaka kwa moyo wake wote kabla naye hajafuata: Antoni asimame chini ya dirisha la Delfina.

Mwezi wa Machi alimwendea Lamberto Tognoli, kinara wa Antoni mwaka ule, mfua vyuma mwenye shingo kama nguzo. Lamberto alivua kofia, akampa pole upya, akamkaribisha divai. Kisha akamwambia kwamba haiwezekani. Kwanza, Delfina hakuwahi kubeba. Pili, na hapa Lamberto alitazama glasi yake, Delfina alikuwa mtu wa Ubaldo.

Ni kweli, alikuwa wa Ubaldo, binti wa mwashi, ukoo mzima wa mashati ya njano. Walikutana uwanjani siku ya mishumaa, wakati vinara wanapopanda juu ya machela ya kubebea mishumaa na kuitupa chini mitungi ya udongo, watu wakagombania vigae kwa ajili ya baraka. Settimio alidaka kigae, na alipokivuta akakuta upande wa pili kimeshikwa na msichana mwenye kitambaa cha njano. “Achia,” alimwambia. Msichana akamjibu, “Achia wewe, si mmezoea kubaki nyuma?” Wakavutana mpaka uwanja ukapungua watu, na baba yake alipokuja kumtafuta aliwakuta wameketi kwenye ngazi wamekishika bado, wanazungumza habari nyingine kabisa. Baba mtu alisema afadhali angeolewa na askari wa kodi.

Miaka yote ya ndoa yao, mwezi wa Mei nyumba iligawanyika. Delfina alimwambia mumewe kwamba mtakatifu wake alikuwa ameshafika nyumbani, ameoga na kula, wakati Antoni bado anahema mlimani. Settimio alimwambia Ubaldo hukimbia mbele kwa sababu anaogopa kuona nyuma. Wiki nzima supu iliandaliwa kwa ukimya. Lakini siku yenyewe ikifika, Delfina alifanya jambo ambalo ukoo wake haukumsamehe: alifunga kitambaa cheusi kichwani na kusimama dirishani na beseni la maji yenye siki. Dirisha lile linatazama kona, na jioni kikosi cha Settimio kilipoipita kona kwa mbio, alimrushia kitambaa kilicholowa, naye alikidaka bila kugeuza uso, akajifuta jasho machoni, akaendelea. Mwaka mmoja alikosea shabaha, kitambaa kikamfunika padri usoni. Padri alikibusu akidhani ni sehemu ya ibada. Walicheka mpaka Agosti.

Na usiku wa kuamkia siku ile hakulala, alikuwa katika jiko la watu wa Antoni akiosha samaki mkavu wa chumvi, akikata vitunguu, akishona vifungo vya mashati ya vijana wasio na mama. Alisema anafanya hivyo ili adui asife njaa. Nusu ya wabebaji wa leo walikua kwa sahani zake. “Lakini hakubeba,” alisema Lamberto alipokumbushwa hayo. Settimio aliiacha divai mezani bila kuionja.

Hapo ndipo Wakili Gualtiero Ansuini alipopanda ngazi zake, mwanzoni mwa Mei, akihema na kujipepea kwa kofia. Wakili alikuwa mwenyekiti wa kamati iliyojiita ya mapokezi ya kongamano, na vilevile alikuwa mtu mwenye sauti upande wa Antoni, ingawa bega lake halikuwahi kuona mti. Alikaa kwenye kiti cha Delfina bila kukaribishwa. Alisema wajumbe wanatoka kila pembe, waamuzi, makocha, maprofesa, na wanataka kumsikia mtu ambaye amekimbia maisha yake yote katika mashindano ambayo hawezi kuyashinda. Hotuba imekwisha andikwa, ya ukurasa mmoja, herufi kubwa.

Settimio alimwambia hotuba ataisoma, na yeye anataka kitu kimoja. Akakitaja. Wakili akasugua kidevu, akasema kuwa kinara ndiye mwenye uamuzi.

“Na kinara anamsikiliza nani?”

“Mzee Settimio,” alisema Wakili akitabasamu, “tutaliangalia.”

Neno hilo Settimio alikuwa amelisikia kila alipokwenda kuuliza habari za mtaro. Hata hivyo aliichukua karatasi. Kwa siku kadhaa alisikika akiisoma kwa sauti jikoni, kidole kikitembea chini ya maneno, na Ersilia kule chini alimwambia tayari ameshaihifadhi yeye, kama atashindwa ataingia badala yake.

Wageni wakafika. Walikuwa watu wa heshima, wengi wamevaa beji shingoni. Siku ya kwanza kamati iliwapeleka kwenye ile chemchemi ambayo mgeni akiizunguka mara tatu hupewa cheti cha uwendawazimu wa Gubbio. Settimio, akitoka kununua vitunguu, aliwaona maprofesa wa maadili wakikimbia kwa mstari, makoti yakipepea, Wakili akiwapigia makofi. Bibi mmoja mrefu, mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi, alimaliza wa mwisho akicheka mwenyewe, na Settimio, bila kutaka, alimpenda kidogo.

Siku ya hotuba ukumbi wa jumba la kale ulijaa. Settimio alivaa koti la harusi, ambalo Delfina alilipanua mara mbili na sasa lilimpwaya. Nyuma kabisa, karibu na mlango, walisimama vijana wa Antoni pamoja na Lamberto, wametumwa waje kupamba. Alisoma. Alisoma kwamba sisi watu wa Antoni tunafurahia kuwa wa mwisho, kwamba kushindwa ni shule, kwamba dunia ya michezo ije ijifunze kwetu. Kila sentensi ilimtoka kama jiwe lililokwama kwenye kiatu. Hakuna mtu wa Antoni aliyewahi kufurahia kuwa wa mwisho. Walichofurahia ni kukaa mgongoni mwa Joji, karibu kiasi kwamba mwanamke mwenye kikapu asingeweza kuvuka katikati, na kutoanguka. Lakini hilo halikuandikwa.

Makofi yakapigwa, maswali yakaanza. Mjumbe mmoja aliuliza kupitia kwa mkalimani, mwaka jana alishinda nani.

“Ubaldo.”

Na mwaka huu?

“Ubaldo. Ukitaka, nikuambie na wa mwakani.”

Ukumbi ukacheka, na Settimio akaanza kujisikia vizuri. Kisha akasimama yule bibi wa chemchemi. Alikuwa Mfini, jina lake Kaarina, zamani mwamuzi wa mchezo wa magongo kwenye barafu. Aliuliza kwa upole: na wanawake, katika haya yote, wana nafasi gani?

Jibu lilikuwepo kwenye karatasi, mstari wa mwisho. Settimio aliweka kidole, akasoma kwamba wanawake ndio moyo wa sikukuu yetu. Akaikunja karatasi. Mkalimani alimaliza kutafsiri, akamtazama, akingoja.

“Hilo kaliandika Bwana Wakili,” alisema Settimio. “Mimi mke wangu kafariki Februari. Amewapikia watu wa Antoni toka tumeoana, na yeye si wa Antoni. Niliomba mtakatifu asimame chini ya dirisha lake mchana wa mishumaa, kama wanavyosimamiwa wanaume. Nikaambiwa hakubeba. Sasa huo moyo wa sikukuu, mama, ukifa, hausimamiwi. Ndiyo nafasi yao.”

Mkalimani, msichana wa palepale mjini, alitafsiri akiwa amewiva uso. Mnong'ono ukaenea, kisha watu wakaanza kuandika. Wakili alikuwa ameshainuka. Alikichukua kipaza sauti kwa mikono miwili na kusema kuwa mzee wetu ana uchungu wa msiba, kwamba kulikuwa na kutoelewana kudogo, na kwamba bila shaka yoyote Antoni atasimama kwa Mama Delfina, tena wajumbe wote wanaalikwa kushuhudia kwa macho yao. Ukumbi mzima ulisimama ukapiga makofi. Kaarina alimpungia mkono.

Utamu ule ulimdumu Settimio mpaka chini ya ngazi. Hapo aliwakuta vijana wa Antoni wakitoka. Waliopikiwa na mkewe, walioshonewa vifungo. Walimpita mmoja mmoja wakitazama mawe, na hakuna aliyemsalimu.

Kesho yake alikwenda kwenye karakana ya Lamberto. Lamberto hakuvua kofia, aliendelea kugonga chuma mpaka kikapoa, ndipo akaongea.

“Umetuvua nguo mbele ya wageni, mzee.”

“Ulininyima.”

“Nilikunyima, ndiyo. Ulitaka nikukubalie siku ya kwanza? Ungerudi. Ungenitukana, ungekuja na chupa, ungemtuma Ersilia aje anililie hapa. Ningekunyima tena. Vijana wenyewe wangeanza kuniuliza, kinara, kwa nini tunamtesa yule mzee? Na mwakani tungesimama. Ndivyo mambo yanavyokwenda mji huu, na wewe ulilijua hilo kabla mimi sijazaliwa.”

Settimio alilijua. Mwenyewe, akiwa kijana, alikuwa miongoni mwa waliomnyima mjane mmoja ombi kama hilo mpaka mara tatu.

“Sasa tutasimama,” alisema Lamberto. “Wakili keshatangaza, na tusiposimama tutaonekana wanyama. Lakini tutasimama kwa sababu ya kipaza sauti. Vijana watausimamisha mti kwa mikono tu, bila moyo, wewe utatokeza, nitalitaja jina, wale watapiga picha. Ulitaka hivyo?”

Settimio alisema alitaka asimame, basi. Akaondoka na kisirani chake. Alipofika nyumbani alikuta mafundi, walewale waliofukia mtaro, wanajenga jukwaa la mbao chini ya dirisha lake, ngazi kwa ngazi, na kufunga kamba ili wakazi wasichanganyike na wajumbe. Ersilia alikuwa mlangoni, mikono kiunoni.

“Wamenipa pasi,” alimwambia, “ya kuingia nyumbani kwangu. Nikiipoteza nitalala kwako, na mji uongee.”

Kisha akaacha mzaha. Alisema yule Wakili amepita kuangalia, akasema dirisha lipambwe maua, na mzee akitokeza asimame upande wa kushoto, ambako kuna mwanga.

Settimio alipanda. Alikaa mbele ya kiti cha Delfina, akajaribu kumuona pale dirishani na kitambaa chake cheusi na beseni lake, na kwa mara ya kwanza tangu Februari hakumuona vizuri, maana kila alipomuweka dirishani, chini yake palikuwa na watu wenye beji. Delfina hakuwahi kusimama pale ili aonekane. Tena ikifika saa ya watu kujionyesha, alikuwa na kawaida ya kujificha nyuma ya mbao za dirisha na kuchungulia. Mambo ya kitambaa cheusi yalikuwa ya wao wawili, wanayafanyia mzaha, na mji ulikuwa unajua bila kuambiwa. Huo mji aliuzoea hivyo: kila kitu kinajulikana, hakuna kinachotangazwa. Na yeye ndiye aliyekitangaza. Alitafuta mkubwa wa kumlaumu, akamkuta Wakili, akamlaumu kwa nguvu zote, na bado kikabaki kipande cha lawama ambacho hakikumfaa Wakili.

Asubuhi ya tarehe kumi na tano, kama ilivyo desturi, watu wa Antoni walikwenda makaburini kuwaamkia wafu wao kabla ya ngoma kuanza kulia. Mashati meusi, suruali nyeupe, mishipi myekundu, umande kwenye viatu. Settimio alingoja mpaka Lamberto alipobaki nyuma peke yake, akamwendea.

“Pita tu,” alimwambia.

“Vipi?”

“Kwangu usisimame. Pita. Mimi nitafunga dirisha.”

Lamberto aliweka sawa mshipi wake. Alimuuliza kama ana hakika, kwa kuwa mwakani hakuna anayejua nani atakuwa kinara, na nani atakuwa hai.

“Nina hakika. Na mwakani pia usiniahidi. Delfina hakuwa mtu wa jukwaa.”

“Wakili atatapika.”

“Atapike. Hana bega.”

Lamberto karibu acheke. Akamgusa mkono juu ya kiwiko, akaenda kuungana na wenzake.

Saa sita mitungi ilivunjwa uwanjani na mishumaa ikasimamishwa, na kelele zake zilipanda mpaka jikoni kwa Settimio kama maji yanayochemka. Hakwenda. Ulikuwa mwaka wa kwanza hakwenda tangu alipokuwa ananyonya. Alikuwa amelowesha samaki kama alivyomwona Delfina akifanya, akamkata, akamtia kwenye sufuria na vitunguu, mafuta na divai nyeupe, akafunga mbao za dirisha, na jikoni pakawa giza lenye mistari. Kule chini alisikia jukwaa likilia chini ya miguu ya wajumbe. Alisikia lugha zao, na sauti ya Wakili ikieleza. Ersilia alikuwa akibishana na mtu kuhusu kamba.

Ngoma ikakaribia. Kwa kelele tu alijua ni Antoni, maana nyuma yake hakukusikika ngoma nyingine. Mti ukaingia kichochoroni. Wajumbe wakatulia wakiinua simu zao, bila shaka, na Settimio akashika ukingo wa meza akisikiliza nyayo.

Nyayo hazikupunguza mwendo.

Basi wamepita, alijisemea, na alishangaa jinsi kifua kilivyomuuma, ilhali ni yeye aliyeomba. Ndipo akasikia kitu kingine. Alisikia sauti ya chini, ya Lamberto, ikisema “ingia”, na mlio wa bega linalopokea mti, pumzi fupi inayomtoka mtu bila kutaka, na kofi dogo kwenye kiuno la kumwambia aliyechoka atoke. Walikuwa wanabadilishana.

Mtu wa kuja asingesikia kitu. Kubadilishana mabega bila kusimama ndiyo kazi yenyewe ya wabebaji: kundi linatoka chini ya mti, kundi linaingia, na mti hautakiwi hata kutikisika, kiasi kwamba anayetazama juu, kwa mtakatifu, huona mtakatifu anapita tu. Lakini watu hubadilishana wakiwa wamechoka, mlimani au baada ya kona. Katika kichochoro chake hiki cha San Martino hakuna aliyewahi kubadilishana. Mwinuko wake si wa kuchosha, ni kifupi, na wenye mti walikuwa wameupokea muda si mrefu.

“Ingia.” Hao walikuwa ndugu wawili wa duka la mkate, aliwajua kwa kukohoa kwao. “Ingia.” Wakaingia wengine, wazito, watu wa mashambani, waliokuja na matrekta. Na mara akafahamu wanachofanya. Hakuna aliyekuwa amechoka. Walikuwa wanapokezana ili kila shati jeusi lililokuwa likitembea nyuma mikono mitupu liingie chini ya mti, pale, chini ya lile dirisha, kwa hatua mbili au tatu, kisha litoke limpe mwingine. Kundi zima la Antoni lilikuwa likitia bega kwa ajili ya Delfina, na wajumbe kwenye jukwaa, na Wakili mbele yao, waliona mnara wa mti unapita bila kusimama.

Settimio alisogea mpaka kwenye mbao za dirisha. Hakuzifungua. Aliziegemea kwa paji la uso, na mtikisiko wa nyayo ulikuwa ukipanda ukutani mpaka kwenye meno yake. Ulidumu kidogo. Kisha ngoma ikageuka kona, na ikawa ya mtaa mwingine.

Mlango uligongwa kwa hasira. Alikuwa Wakili, kofia mkononi, na nyuma yake kwenye ngazi Kaarina pamoja na yule msichana mkalimani.

“Hawakusimama,” alisema Wakili.

“Hawakusimama,” alikubali Settimio.

“Mbele ya watu wote. Nimewaahidi. Nitamwita Lamberto kwenye kamati.”

“Mwite.”

Kaarina alisema kitu, na msichana akatafsiri kwamba bibi anasikitika sana, kwamba anaona ni makosa yake, asingeuliza lile swali. Settimio alimtazama yule mwanamke mrefu aliyekimbia wa mwisho kwenye chemchemi. Akamwambia msichana amwambie kuwa swali lilikuwa zuri, na kama ana njaa kuna samaki. Wakili alisema wajumbe wana ratiba. Kaarina alikuwa ameshaingia.

Alimwekea sahani upande wa ukutani, msichana naye akakaa kwenye sanduku la kuni. Kiti cha Delfina hakuna aliyeambiwa asikikalie, na hakuna aliyekikalia. Walianza kula. Samaki alizidi chumvi kidogo, kwa kuwa hakumlowesha vya kutosha, na Settimio akaanza kunung'unika, kwanza juu ya samaki wa siku hizi na wanaowauza, kisha, akikigeukia kile kiti kama vile hakuna wageni, akasema ile zamu ya pili kushoto walichelewa, mti uliinama, yeye aliusikia ukiinama, na enzi zake kijana wa namna ile angepigwa kofi. Msichana aliuliza kama atafsiri.

“Hapana,” alisema Settimio. “Namwambia mwenyewe. Atasema wa Ubaldo wasingechelewa.”